Neno "Bado" Limepigwa Marufuku Karakanani

Fundi wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza na neno jingine.

Tangu homa ikuchukue, karakana ya reli hapa Dodoma ina msimamizi mpya, Mjerumani mwenye saa mfukoni. Kila kazi kaipangia muda wake, na muda ukiisha anapiga kengele. Wewe kila asubuhi ulianza na magurudumu ya mabehewa, maana hakuna ajuaye ufa umeingia hadi wapi mpaka ufungue na kufuta grisi. Sururu za kunoa uliziacha zijaze nafasi itakayobaki. Mzungu wa zamani akiuliza, "Tayari?" unamjibu, "Bado," huku unagonga nyundo, naye anaondoka akinung'unika. Tulicheka sana, Fundi. Siku hizi hakuna anayecheka.

Huyu wa sasa akisikia "bado" anaona umemtukana. Unalazwa chini, unachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kwa hiyo kengele ikilia sote tunaitika "Tayari!", na gurudumu lenye ufa linapakwa grisi, linarudi chini ya behewa. Mimi nililisema neno lako mara mbili. Siwezi tena, mgongo umekwisha.

Sasa mkeo anarudi kwao Tabora. Anaondoka kesho, kwa garimoshi. Nimemsihi afuatane na wanaokwenda kwa miguu, nikamweleza kila kitu mpaka nikalia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu. Akanipakulia ugali wa uwele, akasema nile, nimekonda.

"Mwanangu, magurudumu yale kayatengeneza mume wangu. Niogope nini?"

Nikamwambia, Mama, aliyoyatengeneza yeye yameshafunguliwa yote. Hakunielewa. Au alinielewa, akaona heri akuamini wewe. Nitamlaumu vipi? Hata mimi nilikuwa nakuamini hivyo hivyo.

Nimechoka, Fundi. Hakuna wa kumwambia. Behewa lipi ni bovu na lipi ni zima, hata sisi tuliofunga hatujui, kwa sababu hatukupewa muda wa kuangalia. Nakukasirikia kwa kufa. Samahani, lakini ndivyo ilivyo.

Pumzika, Fundi wangu. Kumzuia nimeshindwa. Kazi nawaachia wenyewe, wakinitafuta wanitafute. Nakuahidi hili tu, maana sina jingine la kuahidi: kesho hatapanda peke yake. Nitakaa naye benchi moja.