Mchawi Aitwaye Nyabuto

Kituo cha Majani, Sosiot
12 Februari 2024

Kwa Shemeji Kepher Oyugi,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini kifua chako kimepoa na mpwa wangu Dorine anaendelea vema na masomo. Mimi ni mzima, isipokuwa jina langu, ambalo ndilo limeniandikisha barua hii.

Jana katika banda lako la video ulionyesha filamu mbili mfululizo. Sikuwepo, lakini nimeelezwa na watu saba. Katika ya kwanza yumo mchawi wa Kichina mwenye tumbo la chura, amezaye nyumba pamoja na moshi wake. Kwa tafsiri yako anaitwa Karani Nyabuto, na kabla ya kumla mtu humpima mizanini na kumpunja kilo mbili. Shujaa alimpiga teke lililopasua mlima. Katika ya pili akafufuka na vichwa vitatu, vyote Nyabuto.

Leo wachumaji wa chai, ambao mimi huwapimia majani, wamenipokea kwa sauti za vyura. Mama Masese alitundika gunia lake akaniuliza, "Karani, utanimeza kabla ya kunipunja ama baadaye?"

Ningalivumilia. Lakini tarehe mbili Machi kina Kipkurui wa Merigi wanakuja kumposa binti yangu Nyambeki, na hakuna mzee atakayeomba mke katika nyumba ya chura. Naomba kwa unyenyekevu ulibadilishe jina hilo.

Ni mimi shemeji yako,
Bogonko Nyabuto

Sosiot, 15 Februari 2024

Shemeji,

Salamu zimefika. Kifua bado, maana kazi yangu ni kelele.

Kichina sikijui hata neno moja. Mchawi akifungua kinywa sharti nimtilie maneno, na jina sharti liwe la mtu anayejulikana. Lako halikunipa taabu. Siku tulipomzika Moureen, mke wangu na dada yako, niliinuka niseme. Ulininyang'anya maikrofoni ukatamka, "Anayewatilia Wachina uongo mdomoni hatasema juu ya dada yangu." Watu walicheka, shemeji. Kaburini.

Njoo Jumapili ya tarehe ishirini na tano, baada ya filamu ya kwanza, uniombe radhi mbele ya watazamaji. Nitalibadilisha.

Shemeji yako,
Kepher

Kituo cha Majani, 20 Februari 2024

Shemeji,

Nakusalimu. Nimekubali. Nimeandika kurasa nne na kuzisahihisha mara tano. Sauti yangu ni ndogo, nawe unalijua hilo. Ukurasa wa tatu si wangu. Nikiufikia, naomba uketi usikilize.

Shemeji yako,
Bogonko Nyabuto

Kituo cha Majani, 26 Februari 2024

Kepher,

Afya yako sikuulizi.

Nilisimama mbele ya pazia lako na karatasi zangu. Niliposema "nilikukosea", ulishika maikrofoni ukanitafsiri kwa sauti ya chura: "Nimeshiba, lakini Sosiot yote nitaimeza!" Banda likaangua kicheko. Kila nilipotamka sentensi, uliitafsiri. Nilisoma hadi mwisho, kwani anayeanza ombi hulimaliza.

Kipkurui alikuwa benchi la mbele, akirekodi kwa simu. Kufikia jioni Merigi nzima ilikuwa imetazama. Wamevunja safari. Nyambeki hasemi nami.

Sasa ujue. Ukurasa wa tatu ulikuwa wa Moureen. Aliniamuru niuandike wodini, siku mbili kabla ya kufa, akasema, "Mpe Kepher." Kwa hasira nilikunyima miezi kumi na minne. Hilo ndilo kosa nililokuja kuungama. Niliyasoma maneno yake yote kama alivyoyasema, nawe ukanguruma juu yake.

Kurasa zote nne nimezitia jikoni zikaungua. Ombi langu la awali naliondoa. Endelea na jina.

Bogonko Nyabuto

Sosiot, 14 Aprili 2024

Shemeji yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mara ya tatu bila jibu. Nakuulizia afya, na ya Nyambeki.

Nimewauliza wote waliokaa mbele maneno ya ukurasa wa tatu. Wanakumbuka sauti yangu tu. Nilisafiri hadi Merigi, nikampigia Kipkurui magoti, akanipa ile video. Ndani yake midomo yako inacheza, na juu yake nanguruma mimi. Nimeitazama mara mia. Nimetafsiri midomo ya watu miaka ishirini, shemeji, na hii siiwezi.

Jina nimelibadilisha. Mchawi sasa anaitwa Kepher, naye huuawa mara mbili kila Jumapili.

Niandikie hata sentensi moja ya Moureen. Hata nusu.

Bado shemeji yako,
Kepher