Nilimfundisha kuuliza

Jumapili, Agosti 2013. Tunduma.

Upepo tangu asubuhi. Vumbi la barabara ya malori limeingia hadi kitandani, nimefagia mara tatu na bado nalisikia kwenye meno. Baridi ya kuvaa sweta mbili. Siwezi kukaa. Nimesahihisha madaftari manne ya Kidato cha Pili nikayaacha, nimechemsha chai nikaisahau.

Leo nimesema uongo, na nimeusema haraka kuliko ninavyosahihisha sentensi.

Mama Atupele ndiye mwenye nyumba wangu. Binti yake, Atupele, aliolewa Kitwe, Zambia, miaka kumi iliyopita. Wiki jana mkwe alimtuma mtoto wao, Chanda, aje kwa bibi likizo ya shule, kwa mara ya kwanza. Ana miaka minane. Anajua Kibemba na Kiingereza. Bibi yake ana Kinyiha na Kiswahili. Kibemba anacho kidogo, lakini anasema mwenyewe, "Changu ni cha kuuzia nyanya sokoni. Kupatana bei na kufukuza msumbufu."

Kwa hiyo wakawa wanatabasamiana tu.

Jumatano bibi alinijia mlangoni na daftari jipya. "Mwalimu, nifundishe kuuliza." Nikamwambia hakuna haja, mimi nipo, nitamtafsiria. Akakataa. "Nikiuliza kwa mdomo wako, atakujibu wewe."

Tukaanza, yeye akichambua maharage, mimi nikiandika. Alisema "You eat what?" kama tunavyosema wote mwanzoni. Nikamweleza kwamba Kiingereza kinataka neno la kuulizia litangulie, kisha "do", kisha mtu, kisha tendo.

"Hiyo 'do' inafanya kazi gani?"

"Hapo haina maana yake, mama. Inasaidia tu."

"Kama shemeji yangu kwenye kikao. Hana neno, lakini usipomtaja ananuna."

Nilimwandalia maswali kumi na mawili. Unapenda rangi gani, unasoma somo gani, rafiki yako anaitwa nani. Aliyasikiliza yote kwa heshima, kisha akaniomba moja ambalo sikuwa nimeliandika: nani anakupikia? Nikamwambia hilo ni rahisi, halihitaji "do" kabisa. "Kumbe naye hupumzika," akasema, akalikariri siku tatu. Nilimsikia bafuni, nilimsikia akimwaga maji uani. Who cooks for you.

Sikumuuliza kwa nini hilo.

Ningepaswa kujua. Kwetu Ileje pia wanauliza hivyo. Mama mkubwa alipotaka kujua kama nyumba fulani bado imesimama, hakuulizia ndoa. Aliwauliza watoto nani amewasha moto leo. Nimekua nikisikia maswali ya namna hiyo, na nikadhani bibi anaulizia chakula. Nilijua pia kwamba tangu Juni simu za Atupele zimekuwa fupi. Niko salama, mama. Kisha inakatika.

Leo baada ya kanisa tulikula pamoja, watatu. Mama Atupele akafuta mkono kwenye kanga. "Chanda. Who cooks for you?"

Hakukosea hata kidogo. Nikaona fahari, fahari ya kijinga ya mwalimu, kama vile nimefaulisha.

Mtoto alijibu kwa Kiingereza huku akichota mboga. Alisema anayepika ni anti ambaye baba alimleta. Mama hakai nao tangu Aprili, amepanga chumba mbali, na Jumapili huja kumwona getini. Alisema mama amemkataza kumwambia bibi, lakini bibi ameuliza mwenyewe. Alieleza yote bila huzuni, kama anayesimulia kuhamishwa darasa.

Bibi akanigeukia.

Nilimfundisha kuuliza. Sikumfundisha kuelewa jibu.

"Anasema kuna shangazi," nikasema. "Anamsaidia mama yake kupika."

"Vizuri," akasema.

Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia bila kuinua kichwa, "Jibu la mtoto lilikuwa refu, mwalimu. Kiswahili chako kilikuwa kifupi."

Nikasema watoto huongea sana. Akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata.

Tangu hapo ninazunguka chumba hiki. Nimejiambia ni huruma. Nimejiambia ni siri ya Atupele, mtu mzima, naye ana sababu zake. Huenda. Lakini nikiwa mkweli, niliogopa habari ile isije ikatoka kwenye mdomo wangu, nikaonekana mimi ndiye niliyeileta. Mama huyu aliiogopa kazi ya mdomo wangu tangu Jumatano, na hakukosea.

Jumanne ndugu wa mkwe anakuja kumchukua Chanda. Akishaondoka, bibi atabaki na simu za nusu dakika na uongo wangu.

Sitasubiri kesho. Jua bado lipo. Chanda ametumwa dukani, na mama yuko jikoni peke yake, nasikia anavunja kuni. Nitaingia, nitakaa kwenye kigoda, nitasema, "Mama, nilikudanganya," kisha nitampa jibu lote kwa urefu wake. Naye ataniuliza. Atauliza kwa Kiswahili, na kikimwishia atauliza kwa Kinyiha, na nitakaa pale pale hadi amalize.