Maelezo ya Shahidi Kuhusu Kitufe cha Hewa, Kitanda cha Kumi na Moja

Shahidi: Mwalimu, kama wote wanavyoniita kazini hospitalini. Umri: miaka 67. Kazi: mwandishi wa programu za kompyuta. Makazi: nyuma ya hospitali, nyumba moja na mpwa wangu wa kike, mtuhumiwa.

Mnamo tarehe 9, saa nne na dakika kumi asubuhi, mpwa wangu aliniita mezani kwake. Alikuwa akiandika kwa Java, lugha ya kompyuta, programu ya seva, yaani kompyuta kuu inayopokea maombi ya wagonjwa. Afande, kila kitufe cha kitandani hutuma namba. Kwa kila namba tunaandika kipande cha kuipokea, na juu yake tunaweka alama ya kuiambia seva, "Namba saba ije hapa." Bila alama, kipande kipo lakini seva haikioni, kama nesi aliyefika kazini ilhali jina lake halimo kwenye orodha ya zamu.

Akasema, "Mjomba, namba saba, ya kuomba hewa ya oksijeni, iko tayari. Tazama, ila usianze kueleza, chai yangu itapoa."

Nilicheka. Nilisoma kipande chote, kimeandikwa vizuri. Sehemu ya juu, panapokaa alama, ilikuwa imepanda nje ya kioo cha kompyuta, sikuirudia. Nikamwambia, "Safi, mama. Weka kwenye seva."

Alama haikuwepo.

Saa nane na dakika ishirini mchana, fundi cherehani aliyelazwa kitanda cha kumi na moja alibonyeza kitufe cha hewa mara tatu. Mara zote taa ya kijani iliwaka, maana yake ombi limepokelewa. Mwanawe aliyekuwa naye alimwambia, "Tulia mama, wanakuja." Hakuja mtu. Saa nane na dakika hamsini alifariki.

Taa ile ni yangu. Miaka sita iliyopita vifaa vya zamani vilikuwa vikiganda visipojibiwa, nikaiamuru seva ijibu "limepokelewa" hata kwa ombi lisilo na wa kulipokea. Sikuiandika popote kanuni hiyo. Mimi ninayeeleza kila kitu, hilo sikumweleza mpwa wangu.

Nimekuambia haya mara mbili, afande. Umeniuliza, "Mzee, mistari ile kaandika nani?" Nikajibu, "Yeye." Ukasema, "Basi."

Nimesomewa maelezo haya nami nayakubali kuwa yangu, ya kweli, ingawa hayatoshi.

Sahihi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa nami saa tano na nusu asubuhi, tarehe 11. Shahidi ameomba neno "shahidi" lifutwe, aandikwe mtuhumiwa. Ameelezwa kwamba fomu hii haina nafasi hiyo. Amekaa kwenye benchi la nje na chupa ya chai ya mpwa wake. Hajaruhusiwa kuipeleka ndani, mahabusu.