Presha ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Juni 1956
Baridi kali Mbeya! Dresa Tadeo, mhudumu wa wodi ya wanaume, ana malaria, nikapelekwa mimi nesi. Nani yuko kitanda cha dirishani? Baba mkwe! Mzee Andendekisye, baba yake Isakwisa wangu. Kaanguka akiezeka paa, kichwa kikagonga gogo. Na kwetu Wanyakyusa baba mkwe hatazamwi – ng'ombe wa mahari wameshatoka, harusi Agosti! Nikajificha nyuma ya kabati la dawa. Sista akauliza natafuta nini huko. Nikasema sindano.

Basi, pazia likawekwa kati yetu. Mzee atoe mkono, mimi nipime.

Jumanne, 5 Juni
Daktari katufundisha. Kichwa kikivimba kwa ndani, ubongo hukosa damu. Hapo shina la ubongo, kule chini karibu na shingo, huamrisha mishipa ikaze na presha ipande ili damu ifike kwa nguvu. Moyo nao hupiga polepole. Tukiona hivyo tumwite mbio! Kumbe shina la ubongo ni kama shangazi aliyecheleweshewa chai – nyumba nzima itajua.

Presha ya mzee: 120 kwa 80. Ya kijana! Ila kichwa kinamuuma, na katapika. Daktari kasoma namba zangu, kasema Alhamisi aende nyumbani.

Jumatano, 6 Juni
Loh! Napima mkono, mguno wa mzee unatoka mbali, kwenye mto wa kulalia. Nikauliza mkono huu wa nani. Sauti nyingine ikajibu: “Wangu, mwanangu.” Gideoni, mdogo wake mzee anayemuuguza! Tangu juzi nampima mgeni! Eti mzee kakataa kuguswa na mkwe. Tena Gideoni akauliza kama presha yake mwenyewe ni nzuri.

Nikaingia nyuma ya pazia macho nimefumba. Lo, zebaki ya kipimo haisomwi hivyo! Nikamwambia Gideoni asome – hajui namba. Nikafumbua. 190! Moyo polepole mno. Na mzee ananitazama usoni. Nilipiga kelele hadi wapishi wakatoka jikoni.

Sasa nimekaa ngazini, naogopa. Ndani wanamnyoa kichwa kwa upasuaji. Isakwisa kafika, jasho tupu. Sauti ya mzee inatoka dirishani, nzito, inauliza yule nesi ni binti wa nani. Kasahau kweli, au ananisitiri kwa mwiko tuliouvunja? Isakwisa huyu hapa kafungua mdomo amjibu – nimeuziba kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaandika –