Stoo Niliyoichagua

Kisii Mjini,
14 Machi 1976

Mpendwa rafiki yangu Asli,

Pokea salamu zangu za upendo kutoka huku kwenye mvua. Hujambo? Mama yako anaendeleaje na mguu wake? Sisi nyumbani Nyamira tu wazima, na majani chai yamestawi.

Uliuliza kazi yangu ni ipi hasa. Chama chetu cha wakulima wa kahawa hutumia kompyuta iliyoko Nairobi. Mimi huandika maagizo ambayo mashine hiyo huyafuata ikihesabu kahawa ya kila mkulima. Ni kazi ya kichwa na penseli. Lakini chumba chetu, Asli! Wasichana wanatoboa kadi za kulishia kompyuta kwa mashine zinazogonga kama mvua ya mawe juu ya bati, redio ya meneja, Bwana Nyangau, haizimwi, na mwenzangu Josiah haishiwi hadithi. Ni watu wema. Ila kelele ikiniingia, fikira hukatika, na jioni narudi nimechoka kuliko aliyelima. Niliomba stoo ya magunia iliyo nyuma. Bwana Nyangau alicheka, akasema stoo si ya watu, na kwamba msichana asiyepiga gumzo na wenzake ana maringo.

Mwezi uliopita wazee wawili, wote wakiitwa Nyamongo, mmoja wa Suneka na mwingine wa Tabaka, walifika wakifoka. Kahawa ya mmoja ilikuwa imeandikiwa mwenzake. Bwana Nyangau akaamuru tuketi sote tulitafute kosa, na kila mtu akaanza kusema lake. Nikasimama. Nilimwambia mbele ya wote kwamba maagizo yale niliyaandika mimi na nitayasahihisha mimi, lakini stooni, mlango umefungwa; nikishindwa, anifute kazi. Alinikodolea macho, kisha akatupa ufunguo mezani.

Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeliona kosa: niliiagiza mashine itazame jina bila kutazama kijiji. Tangu hapo ufunguo ninao mimi.

Sasa sikia jambo ambalo, mbali na meneja, nje ya nyumba yetu hakuna anayelijua. Juma lililopita Bwana Nyangau alinipa cheo cha kuwasimamia wote, meza yangu iwe katikati ya chumba. Nilikataa. Nilimshauri ampe Josiah, anayependa watu nao wanampenda, mimi aniachie kazi yangu na mlango wangu. Amekubali.

Baba alikasirika, hata chakula akakisukuma kando. Akaniuliza kama aliuza ng'ombe anisomeshe ili niende kukaa na magunia. Nikamjibu kwamba alinisomesha ili niweze kuchagua pa kukaa. Kisha akavuta sahani yake, akamwambia mama kwamba huyu kamrithi nyanya yake, aliyekuwa akihamia shambani wageni wakizidi.

Nifikishie heshima zangu kwa baba yako, Mzee Gulled, na wadogo zako wote uwasalimu kwa majina. Naweka kalamu chini nikiwa na moyo mweupe.

Ni mimi rafiki yako,
Nyanchera Ombati