Swichi Iliyoacha Kujikata

Mbagala, Dar es Salaam
Jumamosi, mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi goti? Vipi kifua, baridi ya asubuhi ya huko Nachingwea inakuachia upumue? Mikorosho ya upande wa bondeni imeshika maua, au upepo umeyapukutisha kama msimu uliopita? Mie mwili mzima. Nakula, nalala kiasi. Mwaka wa mwisho wa chuo unanikimbiza kama mwizi, lakini tupo.

Najua Fadhili ndiye anayekusomea. Fadhili, soma taratibu, usiruke mstari hata ukiona unasemwa wewe. Nakujua.

Mama, utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu nimepiga mara mbili. Mara ya kwanza uliweka sauti ya juu, mama mdogo akaingilia na habari za harusi, tukaishia kwenye vitenge. Mara ya pili nilikuta Mjomba Rashidi kashakupigia, ukaniambia, "Somoe, mjomba wako kakuweka kwake miaka yote hii, usimpande kichwani." Na humu ndani kuta ni nyembamba, nikiongea na simu jirani wa chumba cha tatu anaitikia amina. Kwa hiyo nimeandika. Bi Salima wa mtaa wa nyuma anasafiri kesho alfajiri, ameniahidi atakufikishia mkononi.

Jambo lenyewe nalitanguliza, usije ukasinzia kabla hatujafika: Fadhili akija kuanza chuo, asilale kwenye nyumba ya mjomba mpaka nyaya zibadilishwe. Na wa kumwambia mjomba akasikia ni wewe peke yako, dada yake mkubwa.

Sasa nikueleze. Ulipokuja mara ya mwisho nyumba ilikuwa na vyumba vinne. Leo ni kumi na kimoja. Kila mjomba alipopata pesa ya kupakua mizigo kule Kurasini aliongeza chumba, na kila chumba kipya alikiunga kwenye waya uleule wa vile vinne vya mwanzo. Simlaumu kwa kujenga. Wenzake wa bandarini walijenga vitambi. Lakini waya haukui kama nyumba.

Mita ya luku ni moja kwa wote. Baba Shukuru, mpangaji wa chumba cha mbele, ndiye anayekusanya michango. Mwenye taa na simu anatoa kidogo, mwenye televisheni anaongeza, mwenye friji anaongeza zaidi. Pasi na majiko ya umeme mjomba kapiga marufuku. Ila mkaa ulivyopanda bei, nani atanunua gunia? Kila mtu ana kitu chini ya kitanda. Utapita ukumbini jioni, chumba ambacho hakina jiko hata la dawa kinanukia pilau.

Mradi wangu wa kumalizia chuo ni kupima matumizi ya umeme kwenye nyumba za wapangaji. Nikasema nianze na hii, niko ndani, sitalipa nauli. Nikapita chumba kwa chumba nikiuliza, mna nini, mnawasha saa ngapi. Nilisahau kitu kimoja tu, kwamba mie ni mpwa wa mwenye nyumba. Wote waliona nimetumwa.

Baba Shukuru alinipokea mlangoni kajifunga taulo.

"Andika taa moja."

"Na feni ile?"

"Ile ya mgeni."

"Mgeni gani, Baba Shukuru?"

"Hajafika bado."

Ukumbi mzima ukacheka, na mie nikacheka. Mama Pacha, yule binti aliyejifungua mapacha mwezi wa Ramadhani, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, na chini ya ndoo waya umechungulia kama mkia wa panya. Anachemshia maziwa ya watoto. Nikaangalia pembeni nikamwambia, "Taa moja na simu, sio?" Akasema, "Ndiyo, dada." Hatukutazamana.

Nikajumlisha. Kwa maneno yao nyumba nzima inatumia ampea tisa. Ampea, mama, ni kama kuhesabu maji yanayopita bombani. Nikaazima chuoni kile kifaa cha kubana waya na kusoma ampea, jioni wakati watu wanapika nikakiweka. Kikasoma arobaini na moja. Waya wenyewe, kwa unene wake na lile joto la bati juu ya dari, haupaswi kubeba zaidi ya thelathini. Mwalimu anayenisimamia alitazama hesabu zangu mbili akaniuliza, "Somoe, umepima nyumba au umepima woga wa watu?" Nilikuwa na tofauti ya ampea thelathini na mbili, na kila mmoja wa wale majirani anajua kipande chake tu.

Sasa sikiliza. Siku zote hizo swichi kubwa ya ukumbini ilikuwa inajikata. Jioni wakishapika kidogo, tap, giza, watu matusi, mtu anakwenda kuipandisha, baada ya muda tap tena. Ilikuwa inafanya kazi yake, kuulinda waya. Wapangaji wakamlilia mjomba, mjomba akaleta fundi kutoka Rangi Tatu. Yule bwana hakuuliza chochote wala hakupanda darini. Katoa swichi ya ampea thelathini na mbili, kaweka ya sitini na tatu, kachukua chake kaondoka. Mie nilikuwa chuoni.

Tangu siku hiyo haijajikata hata mara moja.

Wamefurahi hao! Baba Shukuru akatangaza uani, "Fundi dakika kumi tu kamaliza. Wengine miaka minne wanahesabu feni za wageni." Watu wakagonga mikono. Mama, pale kwetu mbwa wa mzee wa nyumba ya pili alikuwa anabweka usiku kucha, wakamuua ili walale. Unakumbuka walilala siku ngapi kabla zizi halijavunjwa. Na mie kila jioni taa zikikaa bila kuzima nakwenda kushika ukuta chini ya swichi.

Kwa kuwa haijikati, wamepata moyo. Walioficha pasi wamezitoa, mmoja kaleta jokofu. Juzi nimepima tena, hamsini na mbili. Rangi ya ukuta chini ya swichi imeanza kuwa ya chai. Ukiweka kiganja pale jioni unakuta vuguvugu, kama paji la mtoto anayeanza homa. Na kuna harufu ya samaki ukumbini. Wote wanamlaumu kijana wa chumba cha saba anayekaanga dagaa, wamemsema mpaka ameacha kukaanga. Harufu ipo palepale. Plastiki ya swichi na nyaya ikipata moto ndivyo inavyonuka, mama. Hakuna samaki.

Na sasa chumba cha Fadhili. Mjomba, kwa mapenzi yake, katoa mabati na vyuma kwenye stoo iliyopakana na ukumbi, kapiga chokaa, kaweka kitanda kipya cha mninga. Bure, bila kodi. Najua ulipoambiwa ulipiga vigelegele. Mie nilipoonyeshwa nilimshukuru mjomba, kwa sababu kweli ni wema. Kisha nikaona kichwa cha kitanda kimegusa ukuta uleule. Upande wa pili ndipo ilipo swichi, na waya wote wa nyumba unapanda hapo kwenda darini. Dirisha lina nondo. Mlango unafungukia ukumbini, chini ya swichi yenyewe.

Nilimwambia mjomba siku hiyohiyo, pembeni, kwa adabu, nimepiga goti.

"Mjomba, waya umezidiwa. Turudishe swichi ya zamani kwanza, halafu tutandaze nyaya upya, vyumba vigawanywe, kila kundi na waya wake."

"Fundi kasema iko sawa."

"Fundi hakupima."

"Na wewe uliyepima, nani anatumia nini? Nitajie, nimtoe leo."

Ningemtaja Mama Pacha, angelala wapi na wale watoto? Mjomba akatikisa kichwa. "Umeona? Hujui. Bado mwanafunzi, Somoe. Nyumba hii nimeijenga kwa mgongo wangu, usije kuitukana mbele ya watu."

Mama, niseme hili mara moja nisirudie. Katika kile kikao cha ukoo, nilipoomba kusoma umeme, ni mjomba aliyesema mtoto wa kike asomee ushonaji, umeme ataunguzia watu nyumba. Mkakubali wote. Ada ya chuo cha ufundi niliitoa kwenye kutengeneza feni na pasi kibarazani, na chuo kikuu hivyohivyo. Kwa ada ya Fadhili mmeuza korosho za misimu miwili. Simwonei wivu, ni mdogo wangu. Ila nimeumia, na sasa mwenye uchungu akisema moto unakuja mnasikia uchungu tu.

Fadhili, wewe uliuliza kuhusu kozi, na ulichoambiwa na watu wa huko nimekisikia, kwamba uhandisi wa mifumo ya nishati ni kuvaa kofia ngumu na kupewa gari. Sikiliza dada yako. Mwaka wa kwanza ni hesabu, fizikia na hesabu tena. Darasa letu tulianza themanini, tumebaki hamsini na kitu. Ukivuka hapo utajifunza nishati yote kwa pamoja: maji, gesi inayotoka huko kwetu kusini, jua, upepo, mpaka inapofika chini ya sufuria. Kazi zipo, lakini haziji kukugongea mlango. Waliotutangulia, mmoja anafunga pampu za sola kwa wakulima, mmoja yuko kwenye gesi, dada mmoja anakagua umeme wa hoteli kule Mbezi Beach, anawaonyesha pesa yao inavujia wapi, na anaishi vizuri kuliko wote. Wawili wanaendesha bodaboda na vyeti viko sandukuni. Na ukihitimu hujawa mhandisi bado, utakaa miaka chini ya mkubwa mpaka usajiliwe. Uje ukijua hivyo.

Nikwambie kilichonifanya niipende. Mafunzo ya vitendo nilifanyia Vingunguti, kwenye vyumba vya baridi vya nyama. Siku moja nilishika kebo nikaona ina joto lisilo la kawaida. Nikamwambia mhandisi wa zamu, mzee mkali asiyecheka. Alikuja akashika, akasema neno moja, "Zima." Nyama yote imo ndani, wenye mali wanapiga kelele, akazima. Hakuniuliza mie mtoto wa nani. Nikarudi jioni Mbagala, na hapa mie ni mpwa tu.

Basi, mama, ninachokuomba ni hiki. Mpigie mjomba. Usimwambie Somoe kasema, hatasikia. Mwambie wewe, kama mkubwa wake, hutaki mwanao alale mle mpaka nyaya zote zitandazwe upya, na swichi ya zamani irudi siku hiyohiyo. Akisema pesa, mwambie nimeshapiga hesabu: ni kodi ya vyumba vyote ya miezi miwili, na theluthi yake natoa mie, ninayo. Akisema wapangaji watanuna kukaa gizani, mwambie wanune. Asimtoe mtu yeyote. Vyumba vikigawanywa vizuri kila mtu atapika na hakuna atakayeficha.

Ningeweza kwenda kwa watu wa shirika la umeme. Wakija watakata umeme wa nyumba nzima siku hiyo, na mie nitakuwa mtoto aliyemshitaki mjomba wake mpaka nazikwa. Nimejipa mpaka Alhamisi. Wewe ukishindwa, nitakwenda, na hilo jina nitalibeba.

Usiniambie nihame. Rafiki yangu wa Kinondoni kanipa nafasi kwenye chumba chake, nimemshukuru. Humu ndani kuna watu zaidi ya thelathini, na mtu mmoja tu anayejua ile harufu ni ya nini.

Nisalimie Baba, mwambie dawa ya macho nitampa Bi Salima pamoja na barua hii. Nisalimie mama mdogo na harusi yake, kitenge nitachangia. Nisalimie bibi, umwambie kwa sauti, sikio la kushoto. Shangazi wa ng'ambo ya mto naye asisahauliwe, asije akasema tena nimekuwa mtu wa mjini. Mungu awalinde nyote mlale salama.

Ni mimi mwanao,
Somoe

Nimeifungua tena bahasha. Muda huu Mama Pacha kagonga mlango wangu, kafunika kitu kwa kanga kama mtu aliyebeba mtoto. Ni jiko lake la umeme. Kaniambia, "Dada, nishikie hili. Mume wangu kapata mkaa wa kukopa. Mjomba wako asijue." Kumbe siku ile alinisikia nikiongea na mjomba, maana akaniuliza kama alale na watoto karibu na mlango au karibu na dirisha. Nikamwambia mlango.

Wameshaanza kupika. Nimekwenda kubana waya kwa kile kifaa. Ilikuwa hamsini na mbili, sasa ni arobaini na tano, kwa jiko moja tu. Waya unataka thelathini, na wengine bado wamefunga milango.

Mama, mpigie kabla Fadhili hajaikunja karatasi hii.