Wimbo wa Pasaka Uliokatazwa Benevento

Milimani juu ya Benevento,
Sikukuu ya Mtakatifu Lusia, 1058

Mdogo wangu Roffredo,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku utawani hatujambo, ila baridi imetupasua midomo na masista wanaimba kama mbuzi. Kifua chako kimepoa?

Muuza chumvi katuambia abate wako amekuteua uzunguke makanisa kufundisha uimbaji wa Kirumi, na kwamba nyimbo zetu za Benevento zimepigwa marufuku. Nikamwambia huyo si Roffredo wetu. Kumbe ndiye. Haya, njoo. Lakini ule wimbo wa alfajiri ya Pasaka tuachie. Sauti hairuki ovyo. Inapanda kidogo, inarudi palepale, inapanda tena, mpaka mtu anasahau kwamba miguu imekufa ganzi kwenye mawe.

Dada yako,
Aloara

*

Benevento,
wiki ya Epifania, 1059

Dada Aloara,

Milele amina. Kifua kimepoa, ahsante kwa asali. Wasalimie hao mbuzi wako.

Usinikasirikie. Amri imetoka Roma, mimi ni mpanda nyumbu tu. Tena nikwambie kweli, hizi za Kirumi ni nzuri mno. Iko Aleluya moja, silabi yake ya mwisho inapaa, inazunguka, halafu inatua mahali ambapo hukuitazamia. Siku niliyoisikia nilishindwa kula. Nawe ukiisikia utasema, "Kumbe mdogo wangu hajarogwa."

Wimbo wa Pasaka nao unaachwa. Siwezi kumwachia dada yangu nikawakataza wengine.

Mdogo wako,
Roffredo

*

Milimani,
kesho yake baada ya sikukuu ya Bwana Kutolewa Hekaluni

Mdogo wangu,

Niwie radhi, salamu leo ni fupi. Mama ameanguka. Jirani yake Marotta kaja akilia mpaka kwenye wavu wetu wa chuma, tunapoongea na wageni. Mama hali kitu, anaonja mchuzi wa dengu tu. Anachotaka ni wimbo wa alfajiri ya Pasaka, aimbiwe kitandani. Marotta akamwambia, "Pasaka bado, mama." Akajibu, "Mimi siisubiri."

Mimi nimeweka nadhiri ya kutotoka, lango halifunguki. Umebaki wewe. Najua umewakataza watu wimbo huo kwa mdomo wako mwenyewe, kwa hiyo sikulazimishi uuimbe. Nenda tu, na uwahi.

Dada yako,
Aloara

*

Benevento,
Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima

Dada yangu,

Pole, nami unipe pole. Mama tumemzika Alhamisi, kando ya baba.

Nilimkuta macho wazi. Nikaanza na Aleluya yangu, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa kanisani. Akaisikiliza yote, akanishika mkono. "Nzuri, mwanangu. Nzuri kweli. Sasa niimbie wangu."

Nikatazama mlangoni. Marotta na wanawake wa kijiji walikuwa wamesimama pale, walewale niliowatangazia kwamba wimbo ule umekwisha. Nikauimba. Ulikuja wenyewe, dada, kama mtu anayerudi kwao. Nilipofika katikati, pale sauti inaporudi mara ya tatu, Mama alianza kusogeza midomo akinifuatisha. Kumwona hivyo, nikauinamia mkono wake, wimbo ukakatika.

Marotta akaupokea. Wenzake wakaingia taratibu, kwa sauti ya chini, kama wanavyoimba nyuma ya kanisa. Hakuna aliyekosea. Walipomaliza, midomo ya Mama ilikuwa imetulia. Jua lilikuwa bado juu.

Nilimweleza abate kila kitu. Kaninyima divai mpaka Pasaka. Kisha akauliza huo wimbo unakwendaje, maana yeye ni mtu wa kaskazini, hajawahi kuusikia. Nikamwimbia mstari wa kwanza. Akainamisha kichwa, akaniomba niurudie.

Amri haijabadilika. Nitafika kwenu wiki ijayo kufundisha za Kirumi, na najua utazipenda. Ila kabla sijafungua mdomo, imba wewe kwanza, ukiwa upande wako wa wavu, ule wa Pasaka, mwanzo hadi mwisho. Mimi sikuufikisha mwisho, na mpaka leo uko kooni.

Mdogo wako,
Roffredo